Usukani Wako, Mikono ya Nani?

Wasomaji wangu, nianze kwa kuomba radhi. Nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Wapo walioniuliza kama naumwa, na yupo mmoja aliyetaka kujua kama nimeoa kimya kimya bila kumpa kadi ya mchango. Hapana jamani. Nilikuwa uani, nimepiga magoti kwenye mkeka, nabadilisha usukani wa pikipiki.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Mwandishi wa habari na spana wapi na wapi? Chekeni, lakini msiondoke. Nina neno na sisi vijana tuliosoma, na neno lenyewe limenigharimu. Limemgharimu zaidi mdogo wangu wa kike, ambaye ana alama ya mishono minne kwenye kiwiko kwa sababu yangu.

Tuanze mwanzo.

Pikipiki yenyewe ni ya safari. Ya Kijapani, mtumba, injini ya sisi 650. Siyo hizi za bodaboda tulizozizoea. Ina tangi la lita 22, kava za pembeni, kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili nyuma. Niliinunua kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya ndoto. Kazi ni kufuata habari nje ya mji bila kusubiri basi lijae. Ndoto ni kwenda Njombe kumsalimia bibi, kwa barabara ileile ambayo nimeipita mara nyingi nikiwa nimesinzia dirishani: Chalinze, Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Iringa, Makambako.

Safari yangu ya kwanza ya kuijaribu ilikuwa ya Morogoro, kama kilomita 190 hivi kutoka Dar. Kabla sijafika Chalinze vidole viwili vya mwisho vya kila mkono vilikuwa vimekufa ganzi. Nilipofika Morogoro nilishuka kama mzee wa miaka tisini, mkono mmoja kiunoni, na muuza machungwa akanipa pole kabla hajanitajia bei.

Unajua nilifanya nini? Nilijilaumu mwenyewe. Nikasema mimi ni legelege, maisha ya ofisini yameniharibu. Nikanunua glavu nene. Nikaanza kupiga pushapu asubuhi. Nikawa natembea na dawa za maumivu mfukoni. Washikaji wakaniambia "utazoea". Mwezi mzima nilikuwa najirekebisha mimi, mwili wangu na mifupa yangu, ili niendane na bomba la chuma ambalo bei yake haifiki hata bei ya helmeti nzuri.

Maana usukani ndivyo ulivyo, ndugu yangu. Ni bomba lililokunjwa. Pikipiki nyingi za Kijapani zina bomba lenye unene wa milimita 22. Zile kubwa za Kimarekani mara nyingi zina la milimita 25.4, yaani inchi moja kamili. Siku hizi kuna mengine mazito yenye milimita 28.6 pale katikati yanapobanwa. Ukiacha unene, kuna vipimo vitatu tu vya kufikiria: upana wake, kimo chake, na jinsi mikono yake inavyorudi nyuma kumfuata dereva. Vipimo hivyo vikiwa vya mtu mwingine, wewe ndiye utakayelipa. Usukani ukiwa mbali na chini, unainama, uzito wa kifua unaangukia viganjani. Pale kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo, unapita mshipa wa fahamu unaohudumia vidole viwili vya mwisho. Ukiugandamiza kwa saa mbili, vidole vinaaga. Hakuna ulegelege hapo. Ni hesabu tu.

Kwa nini basi sikufikiria kubadili usukani tangu siku ya kwanza? Jibu langu linaniaibisha: niliona ile mashine imeshakamilika. Imetoka kwa watu wanaojua, mimi ni nani niiguse? Washikaji nao walinikazia: "Usiichezee hiyo, mashine ya watu hiyo." Ya watu gani, wakati kadi yake ina jina langu?

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Mwaka 1974 Mmarekani Robert Pirsig alichapisha kitabu kiitwacho Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kinachosimulia safari ya pikipiki aliyoifanya na mwanawe kutoka Minnesota hadi California. Ndani yake mna kisa cha usukani. Rafiki waliyesafiri naye ana BMW ya bei mbaya, na usukani wake umeanza kuteleza kwenye vibanio. Msimulizi anamwambia dawa ni rahisi: kata kipande cha kopo la bia, kizungushe kwenye bomba kama washa nyembamba, kaza, safari iendelee. Rafiki anaudhika. Kopo la bia kwenye BMW! Anaona afadhali usukani uendelee kuteleza. Bati la kopo lilikuwa linafaa kabisa kwa kazi ile, ila halikutoka kiwandani likiwa na nembo. Washikaji zangu wa Sinza wangemwelewa sana yule bwana.

Haya, mwishowe maumivu yalishinda heshima. Septemba 2025 nikaenda Kariakoo, nikanunua usukani mrefu. Mrefu kweli, sentimita 8 juu zaidi ya ule wa awali. Kwa nini 8? Kwa sababu ulikuwa unapendeza. Nilikuwa na picha kichwani ya wale jamaa wa filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969, mikono juu, jua linazama. Sikupima chochote. Nikaupeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, mzee wa makamo, mtu anayeheshimika. Nikamsalimia, nikamkabidhi, nikamwambia nina mkutano wa waandishi saa tano, kwa hiyo saa nne niwe nimeondoka. Kisha nikakaa kwenye kivuli nikasoma gazeti.

Naomba uikumbuke hiyo picha ya mimi kwenye kivuli na gazeti. Tutairudia.

Saa nne kasoro kumi kazi ilikuwa imekwisha. Nikalipa shilingi 15,000, nikaondoka nimenyooka kama askari wa gwaride. Raha tupu! Jioni nikampitia mdogo wangu kazini kwake, akapanda nyuma. Tulipofika mtaani kwetu nikakata kona kali ya kushoto kuingia kichochoro cha nyumbani. Usukani ulipofika mwisho wa kushoto, injini ikapiga resi yenyewe. Mkono wangu haukuwa umevuta chochote. Pikipiki ikaruka mbele. Nikabana klachi, nikabana na breki ya mbele kwa hofu huku usukani umepinda, na hilo ndilo kosa la pili, maana ukibana breki ya mbele ghafla wakati gurudumu limekata kona, chombo kinalala. Kikalala. Mimi niliangukia kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga. Mdogo wangu aliangukia kwenye tofali.

Mishono minne. Ingekuwa barabarani, mbele ya daladala, leo ningekuwa naandika kitu kingine, au nisingekuwa naandika kabisa.

Kilichotokea ni hiki. Mkono wa resi umeunganishwa na injini kwa waya unaopita ndani ya mpira. Ule wangu una waya mbili, mmoja wa kufungua na mmoja wa kufunga. Urefu wa waya umepimwa kwa usukani wa awali. Ukiinua usukani kwa sentimita 8 bila kubadili waya, waya unabaki umevutika. Pikipiki ikiwa imenyooka hutaona kitu. Ukikata usukani hadi mwisho, waya unavutwa zaidi, na injini haiwezi kujua kama aliyevuta ni kiganja chako au ni kona. Mpira wa mafuta ya breki nao ulikuwa hivyohivyo, umekazika kama kamba ya kuanikia nguo. Huo haukukatika. Mungu mkubwa.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi nikiwa nimewaka. Nilikuwa nimetayarisha hotuba nzima. Yule mzee akaniachia nikamaliza, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema:

"Kijana wangu, pole sana, na huyo binti mpe pole yangu. Nimekosa, na sitajitetea. Hizi zenye waya mbili na breki ya mafuta huziona mara moja moja, nilitakiwa kukuambia. Lakini na wewe nikuulize. Uliniambia saa nne uwe umeondoka. Kuna mahali uliniambia niujaribu?"

Nikanyamaza.

"Ulilipia haraka," akasema, "nikakupa haraka."

Nimelifikiria neno hilo kwa wiki nyingi. Mwanzoni lilinikera, maana fundi ni fundi, na kazi ya fundi ni kujua nisichojua mimi. Mpaka leo nasema alikosea. Pikipiki nyingi za bodaboda anazozihudumia kila siku zina breki ya mbele ya waya, na usukani wake huinuliwa na kushushwa bila matatizo makubwa. Alitumia uzoefu wa chombo kimoja kwenye chombo kingine, na watu hufa kwa kosa la aina hiyo. Lakini mimi je? Kazi yangu ni kuuliza maswali. Nalipwa mshahara kwa kuuliza maswali! Nimewahi kumbana mkurugenzi kuhusu bajeti ya mitaro hadi akaomba maji. Ila kwa kitu ambacho maisha yangu na ya mdogo wangu yananing'inia juu yake, sikuuliza swali hata moja. Kwa nini? Kwa sababu kilikuwa na grisi.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Sisi tuliosoma tumejifunza kudharau kazi ya mikono kwa namna ya kistaarabu. Hatumtukani fundi, la hasha. Tunamsalimia vizuri, tunamlipa, tunakaa kwenye kivuli. Lakini hatuangalii. Na usipoangalia huwezi kuuliza, na usipouliza utapewa kile ulichokilipia, yaani haraka. Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na moja ya malalamiko yake yalikuwa kwamba shule zinamtenga kijana na jamii yake na kumfanya aone kazi ya mikono si ya msomi. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Mimi nilipata alama nzuri kabisa kwenye swali hilo. Kisha nikaenda kukaa kwenye kivuli.

Kwa hiyo niliamua: safari hii nabadilisha mwenyewe, nyumbani, uani, na sitaangalia saa. Nilichukua wikendi tatu. Fundi mzoefu angemaliza kwa nusu siku pamoja na majaribio. Sikufanya hivyo ili kuokoa pesa. Ukihesabu spana nilizonunua, nimepata hasara. Nilifanya hivyo ili nijue kinachonishikilia.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kupima mwili kabla ya kupima chuma. Pikipiki ikiwa imesimama kwa stendi ya katikati, nilikaa, nikafumba macho, nikanyoosha mikono kana kwamba nashika usukani nisiouona. Mdogo wangu, kiwiko kikiwa bado na bandeji, akapima kwa futikamba kutoka ngumi zangu hadi kwenye usukani wa awali. Unajua jibu lilikuwa ngapi? Sentimita 3 juu na sentimita 4 nyuma. Basi! Zile 8 zilikuwa za sinema. Tena usukani ukizidi kuwa juu unageuka tanga: upepo wa barabara kuu unakupiga kifuani na unaning'inia kwa mikono, ganzi inarudi kwa mlango mwingine.

La pili ni kwamba usukani wenyewe ndiyo kazi ndogo. Unashikiliwa na bolti nne tu. Kazi ni vitu vinavyoning'inia juu yake: swichi za taa na indiketa, honi, vioo, klachi, resi, na masta silinda ya breki yenye kikopo chake cha mafuta. Kabla ya kulegeza kitu nilipiga picha kila pembe kwa simu, nikatoa waya hasi wa betri, nikafunika tangi kwa blanketi kuukuu. Masta silinda usiiache ikaning'inia kwa mpira wake, na usiilaze. Ifunge kwa kamba ikae wima, la sivyo upepo unaingia kwenye mafuta na breki inakuwa laini kama sponji. Na mafuta ya breki yanakula rangi. Tone moja lilinitoroka likaangukia kwenye kava. Nikakumbuka kulimwagia maji haraka, lakini kivuli chake kipo mpaka leo. Nimekiacha kama cheti.

La tatu ni tundu. Ndani ya kila boksi la swichi kuna kijipini kidogo kinachoingia kwenye tundu la usukani ili boksi lisizunguke. Usukani mpya huenda hauna tundu. Wapo wanaokata kijipini kwa tupa, maisha yanaendelea. Mimi sishauri. Siku utakapobonyeza indiketa kwa kidole gumba na boksi zima likazunguka, hasa la upande wa resi, utanikumbuka. Nilibandika karatasi ya gundi, nikapima mara tatu, nikatoboa kwa drili polepole.

La nne ni mpira wa breki. Sentimita 3 zinaonekana ndogo, lakini mpira wa awali ulikuwa unakazika mwisho wa kulia. Kariakoo nilipata mrefu zaidi kwa sentimita 8. Muuzaji akanipa na bolti yake. Namshukuru mjomba mmoja pale dukani aliyenishika mkono na kuniambia nihesabu meno. Bolti hizi zenye unene wa milimita 10 ziko za aina mbili, zenye nafasi ya milimita 1.25 kati ya jino na jino, na zenye nafasi ya milimita 1. Kwa macho ni pacha. Ukilazimisha isiyo yake, unaharibu masta silinda ambayo ni ya alumini. Kila upande wa kiungo cha mpira kuna washa laini ya shaba, na hizo hutumika mara moja tu. Weka mpya. Zinauzwa bei ya chapati. Kisha toa upepo, tena na tena, mpaka mkono wa breki uwe mgumu kama jiwe. Na soma kifuniko cha kikopo: kama kimeandikwa DOT 4, weka DOT 4. Ile DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizi nyingine, hata kama namba yake ni kubwa na muuzaji anakuambia kubwa ndiyo bora.

La tano ni kukaza. Sisi tunaamini kukaza ni mpaka mshipa wa shingo utokee. Kitabu cha pikipiki yangu kinataka nguvu ya Nm 23 kwenye bolti za usukani, ambayo ni kama kuning'iniza uzito wa kilo mbili na robo hivi kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita 1. Siyo nyingi! Ukizidisha unaua meno ya alumini, ukipunguza usukani unazunguka siku utakayofunga breki. Kinataka pia bolti za mbele zikazwe kwanza, nafasi ibaki nyuma. Pikipiki nyingine zinataka nafasi iwe sawa pande zote. Soma kitabu cha yako. Mikono ya klachi na breki, yenyewe, kaza ya kutosha isitembee, lakini isiwe kama imechomelewa, ili ukianguka izunguke badala ya kukatika.

Nilikosea pia, tusidanganyane. Nilipaka gundi, nikasukuma mpira wa mkono wa kushoto hadi mwisho, nikausimamia kwa fahari, kisha nikaona kibanio cha klachi bado kiko kwenye mkeka. Kinaingia kwa kuchomekwa kutoka mwishoni. Mama alikuwa anapita na beseni la nguo, akauliza kwa upole, "Hicho nacho si cha hapo?" Nilitumia saa nzima na maji ya sabuni kuutoa ule mpira.

Kisha likaja jaribio. Hapa ndipo naomba usome polepole, hata kama umeruka mengine yote. Washa injini, gia ikiwa huru, gurudumu la nyuma liko juu ya stendi. Iache iungurume taratibu. Kata usukani hadi mwisho wa kushoto. Sikiliza. Rudisha, kata hadi mwisho wa kulia. Sikiliza. Mlio ukipanda hata kidogo, usiendeshe. Halafu vuta resi na kuiachia usukani ukiwa kushoto, katikati na kulia. Lazima irudi yenyewe, kwa mlio wa tap! Bana breki ya mbele kwa nguvu kwa dakika nzima. Mkono ukizama taratibu, kuna mahali panavuja. Hakikisha kila waya na mpira una ulegevu pande zote mbili, na usukani haugusi tangi wala kioo. Taa ya breki, indiketa, honi, swichi ya kuzimia. Jaribio zima ni dakika kumi. Dakika kumi hizo ndizo nilizozinyima pale kwenye kivuli.

Sasa najua mtaniambia: wewe mwandishi, ukianza kufungua bolti mwenyewe unawanyima mafundi riziki. Na mwingine atasema: breki siyo mchezo, unawafundisha watu kujiua. Nyote mna haki ya kujibiwa.

Kuhusu breki, nakubaliana na wewe. Ndiyo maana kabla ya kuipeleka barabarani nilimwita yule yule mzee nyumbani. Ndiyo, yule yule. Kuna walioniona mjinga. Lakini mtu aliyesema "nimekosa" bila kupepesa macho namwamini kuliko asiyewahi kukosea. Akaizunguka kama daktari, akavuta, akasikiliza, akakata usukani kushoto na kulia mara sita. Akalegeza kibanio kimoja nilichokikaza kwa hasira, akauhamisha waya wa klachi upite nyuma ya shingo badala ya mbele. Hakufunga bolti hata moja mpya. Nilimlipa shilingi 20,000.

Na hilo ndilo jibu kuhusu riziki. Kwa kufunga usukani nilimlipa 15,000 na tukaumia. Kwa macho yake nilimlipa 20,000, na zilikuwa pesa halali kuliko zote nilizotumia mwaka ule. Tatizo letu hatulipi macho. Tunalipia nati zilizofungwa kwa sababu tunaziona. Kukagua tunakuchukulia kama nyongeza ya bure, kama pilipili kwenye muhogo. Fundi asiyelipwa kwa kukagua hatakagua, na foleni yake ni ndefu. Ukishawahi kufanya kazi hiyo kwa mikono yako hata mara moja, utajua thamani ya kukagua, na utailipa. Kwa hiyo sisemi usiende kwa fundi. Nenda. Ila jua unachokwenda kukitaka, na usikae kwenye kivuli.

Sikuambii uwe fundi. Nakuambia chagua kitu kimoja ambacho maisha yako yananing'inia juu yake, ukifungue mara moja kwa kitabu na kwa subira, ukione kinavyoshikiliwa. Kama kinakuumiza, usikimbilie kujilaumu. Pengine kilipimwa kwa mtu mwingine. Na kama hujui kukikagua, usimpakie mtu.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Morogoro na kurudi. Vidole vyote kumi vilikuwa vinanijibu. Njombe inakuja, bibi ameshaambiwa.

Mdogo wangu? Amekubali kupanda tena, lakini kwa sharti lake. Kabla hajavaa helmeti ananiambia, "Kaka, shuka kwanza." Anawasha injini, anashika usukani kwa mikono yake miwili, anaukata hadi kushoto, anasikiliza, anaukata hadi kulia, anasikiliza. Hana haraka. Akiridhika ndipo anasema twende. Majirani wanatuangalia, na mimi nasubiri palepale juani.

Jumapili njema, wasomaji wangu. Na wewe unayesubiri pikipiki au gari lako kwa fundi muda huu, hebu inuka hapo kivulini, sogea ukaangalie.